HERMANN GRASSMANN: MWALIMU WA VEKTA ALIYEKOSA WASOMAJI

Safari hii ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri umevuka bahari hadi Ujerumani. Tumemchagua mtu ambaye huku kwetu Migori na Homa Bay jina lake halitajwi sana, ila kazi yake tunaitumia kila tunapofungua daftari la hisabati, na kila mtu anapowasha simu au kompyuta. Huyu ni Hermann Günther Grassmann.

Kwa nini Chama cha Kiswahili kijishughulishe na mtu wa hesabu? Sababu ni mbili. Kwanza, alikuwa mwalimu wa shule kama hawa walimu wetu tunaowaona kila siku na chaki mkononi. Hakupata kuwa profesa wa chuo kikuu hata siku moja. Pili, alikuwa mtu wa lugha, tena lugha ndiyo iliyompa heshima akiwa hai, na lugha hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha. Hapo pana funzo letu. Twende taratibu.

KUZALIWA NA MASOMO

Grassmann alizaliwa tarehe 15 Aprili 1809 katika mji wa Stettin, bandari iliyokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo unaitwa Szczecin na uko nchini Poland. Nyumbani kwao walizaliwa watoto kumi na wawili, naye alikuwa wa tatu. Baba yake, Justus, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya upili ya mji huo.

Utotoni Hermann hakung'ara. Alikuwa msahaulifu na mawazo yake yalikuwa mbali. Baba yake alifika mahali pa kuwaza kwamba labda kijana huyu afadhali awe mtunza bustani au fundi wa mikono. Lakini kijana alijikaza kisabuni, na alipofanya mtihani wa mwisho wa shule akiwa na umri wa miaka 18, alishika nambari ya pili.

Mnamo 1827 alikwenda Berlin kusomea theolojia. Huko alisoma pia Kigiriki na Kilatini. Sasa ajabu ni hii: mtu huyu ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne yake hakuhudhuria hata somo moja la hisabati katika chuo kikuu. Aliporudi Stettin mwaka wa 1830 ndipo alipoanza kujifundisha mwenyewe, akianzia na vitabu vya baba yake. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa ualimu, akapewa kibali cha kufundisha madarasa ya chini tu.

WAZO LA 1832

Karibu mwaka wa 1832 Grassmann alipata wazo ambalo kwa macho ni dogo sana. Tuseme kuna sehemu tatu, A, B na C, zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Umbali wa A hadi B ukiongeza wa B hadi C unapata wa A hadi C. Hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Lakini je, ikiwa B haipo katikati? Ikiwa B iko kando kabisa? Grassmann aliona kwamba kanuni ile bado inasimama, mradi tusihesabu urefu peke yake bali tuhesabu na upande unakoelekea. Kitu chenye ukubwa na upande ndicho tunachokiita vekta.

Hebu tuchukue ramani ya kwetu. Kutoka mji wa Migori, matatu hupitia Awendo hadi Rongo, kisha hupinda kushoto kwenda Homa Bay. Tuandike kila kipande cha safari kwa namba mbili. Ya kwanza ni kilomita za kuelekea mashariki, ya pili ni kilomita za kuelekea kaskazini. Tusifuate kona za barabara, twende kama ndege arukavyo. Kwa makadirio ya ramani, Migori hadi Rongo ni (15, 34). Rongo hadi Homa Bay ni (-17, 25), na ile alama ya kutoa yasema kwamba sasa tunarudi magharibi.

Jumlisha ya kwanza kwa ya kwanza na ya pili kwa ya pili. Unapata (-2, 59). Kumbe! Homa Bay iko karibu kaskazini kabisa ya Migori, kiasi cha kilomita 59, ingawa abiria aliyebanwa ndani ya matatu anahisi amezungushwa. Rongo iko kando, lakini hesabu imekubali.

Sasa tuzidishe. Ukizidisha vekta hiyo kwa -1 unapata (2, -59), ambayo ni safari ya kurudi nyumbani. Ukizidisha kwa nusu unapata (-1, 29.5), yaani katikati ya njia ya yule ndege. Namba hii moja inayorefusha, kufupisha au kugeuza vekta inaitwa skala. Majina haya mawili, vekta na skala, aliyaleta katika hisabati William Rowan Hamilton wa Dublin, Ireland, katika miaka hiyohiyo ya 1840. Wawili hawa walifika karibu mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake na bila kujua habari za mwenzake.

KITABU KILICHOLALA

Mnamo 1840 Grassmann alitaka kibali cha kufundisha madarasa ya juu. Akapewa mada ya kuandikia: kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Aliandika kazi ya kurasa zaidi ya mia mbili, na ndani yake akatumia zile hesabu zake mpya. Kibali alipata, lakini hesabu zenyewe hazikumshtua mtu.

Basi akaamua kuandika kitabu kamili, akakitoa mwaka wa 1844. Ndani yake alivuka mpaka ambao wengine waliuogopa. Alisema tusikomee kwenye namba mbili au tatu eti kwa sababu dunia tunayoiona ina urefu, upana na kimo. Orodha iwe na namba nne, kumi, hata mia, na kanuni za kuzidisha na kujumlisha zibaki zilezile.

Ukiona hilo ni la mbinguni, shuka sokoni. Mama mmoja wa Mbita anapeleka mzigo wa omena gorogoro 20, ngege 12, ndimu 50 na mayai 30. Andika (20, 12, 50, 30). Akipeleka mzigo uleule mara mbili, zidisha orodha nzima kwa 2, upate (40, 24, 100, 60). Siku ya tatu mzigo ni mdogo, (5, 0, 30, 10). Jumla ya siku tatu ni (45, 24, 130, 70). Omena imejumlishwa na omena, ndimu na ndimu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayejumlisha omena na mayai. Mizigo ya aina nne huwezi kuichora ubaoni kama mshale, lakini hesabu yake haikatai. Huko ndiko Grassmann alikofika mwaka wa 1844.

Je, dunia ilimpokeaje? Jamani, ilikuwa kimya. Alimpelekea nakala Gauss, mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa Ujerumani wakati huo. Gauss alijibu kwa adabu kwamba ana shughuli nyingi, na kwamba mawazo ya namna hiyo yeye aliyapitia miaka mingi iliyopita. Möbius, mtaalamu mwingine, aliombwa akichambue kitabu hicho akakataa, maana alishindwa kukielewa. Hata hivyo Möbius alimsaidia kwa njia nyingine: alimshauri aingie shindano la insha ya hisabati huko Leipzig. Grassmann alishinda mwaka wa 1846. Lakini usishangilie sana, kwa sababu mshindani alikuwa yeye peke yake.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 1847. Grassmann aliomba kazi ya kufundisha chuo kikuu. Serikali ikamuuliza mwanahisabati Ernst Kummer atoe maoni yake kuhusu maandishi ya mwombaji huyu. Kummer aliona mambo ndani yake ni mazuri, lakini namna yalivyoelezwa ni mbovu. Neno hilo likafunga mlango. Grassmann akarudi darasani kwake Stettin.

Na ukweli ni kwamba kitabu kilikuwa kigumu. Kilianza na falsafa ndefu kabla ya kufika kwenye hesabu. Kilijaa maneno mapya aliyoyabuni mwenyewe. Msomaji aliingia mlangoni asione hata kigoda cha kukalia. Mnamo 1864 mchapishaji aliona nakala zinakula nafasi bure ghalani. Nakala kama mia sita zikaharibiwa, zikawa karatasi za taka. Fikiria wewe mwenyewe umeandika kitabu, ukaambiwa hivyo!

HAKUKAA KITAKO

Wengine wangekunja jamvi. Grassmann hakukunja. Mwaka wa 1848, mapinduzi yalipotikisa nchi za Ulaya, yeye na ndugu yake Robert walianzisha gazeti. Mwaka wa 1849 alimwoa Therese Knappe. Walizaa watoto kumi na mmoja, na saba kati yao wakafikia utu uzima. Mwaka wa 1852 baba yake alifariki, naye akarithi nafasi ya baba katika shule ya upili ya Stettin. Hapo akafundisha hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka wa 1853 alichapisha makala kuhusu rangi za mwanga. Alionyesha kwamba rangi nazo huzidishwa na kujumlishwa kwa kanuni zilezile za vekta. Angalia simu yoyote yenye kioo cha rangi. Kila nukta ya kioo hicho inatawaliwa na namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, na kwa kawaida kila moja ni kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu ni (255, 0, 0) na kijani ni (0, 255, 0). Zijumlishe upate (255, 255, 0), na jicho litaona manjano. Si uchawi huo, ni hesabu ya mwalimu wa Stettin.

Katika mwaka wa 1862 alirudia kitabu chake kikuu, akakiandika upya kwa mpango mwingine, hatua kwa hatua. Zilichapishwa nakala 300 kwa fedha zake mwenyewe. Nacho pia hakikupata wasomaji. Katika dibaji yake alieleza imani kwamba kazi hiyo, hata ikilala kwa muda mrefu, itaamka siku moja na kuzaa matunda.

Baada ya hapo aligeukia lugha kwa nguvu zake zote. Alijifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Mwaka wa 1863 alitoa makala kuhusu kanuni ya sauti ambayo mpaka leo wanaisimu huiita Sheria ya Grassmann. Inasema hivi: katika Kisanskriti na Kigiriki cha kale, silabi mbili zinazofuatana zikiwa kila moja na konsonanti ya kupumua kwa nguvu, ile ya kwanza hupoteza pumzi yake. Ulimi hautaki kurudia kazi ileile mara mbili.

Msidhani hayo ni mambo ya mbali. Lugha za Kibantu zina kanuni inayofanana nayo, iitwayo Sheria ya Dahl. Ilipewa jina hilo na Carl Meinhof mwaka wa 1903 kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyeitambua katika Kinyamwezi, Tanzania ya leo. Wakuria wa Migori huita lugha yao Igikuria. Ile k ya kiambishi imegeuka kuwa g kwa sababu mbele yake kuna k nyingine. Wakikuyu hufanya vivyo hivyo wanaposema Gĩkũyũ. Mwanachama wa Kuria anayesoma makala haya ana ushahidi kinywani mwake.

Kati ya 1873 na 1875 Grassmann alitoa kamusi kubwa ya Rig-Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, kisha akatoa na tafsiri yake. Wanaisimu wakampokea kwa mikono miwili. Mwaka wa 1876 Chuo Kikuu cha Tübingen kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Aliipata kwa kazi ya lugha, wala si kwa vekta. Tarehe 26 Septemba 1877 alifariki papo hapo Stettin, akiwa na umri wa miaka 68.

KUAMKA KWA KAZI YAKE

Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, 1878, kile kitabu cha 1844 kilichofanywa taka kilitolewa upya. Mwaka wa 1888 Giuseppe Peano wa Italia aliyachukua mawazo ya Grassmann, akayaandika kwa ufupi na kwa lugha nyepesi. Alitaja wazi ametoa wapi. Tangu hapo hisabati ya vekta ikaenea, mpaka ikafika katika mtaala wa 8-4-4 wa hapa Kenya, ambapo wanafunzi waliikuta Kidato cha Pili na tena Kidato cha Tatu.

Kisha zikaja kompyuta. Mwaka wa 1979 wataalamu walichapisha mkusanyiko wa programu ndogo za lugha ya Fortran za kufanyia hesabu za vekta, unaojulikana kama BLAS. Mojawapo inaitwa saxpy. Herufi za mwisho wa jina hilo ni kifupi cha agizo lenyewe: chukua skala a, izidishe na vekta x, kisha uongeze vekta y. Zidisha na jumlisha, basi. Hizo ndizo kazi mbili za Grassmann, na kompyuta kubwa za dunia huzifanya mara mabilioni kwa sekunde.

Lakini mwanafunzi anayejifunza lugha ya Python hukutana na mtego. Anaandika a = [15, 34] na b = [-17, 25], ile safari yetu ya Rongo. Kisha anaagiza a + b. Anangoja [-2, 59], mashine inamrudishia [15, 34, -17, 25]. Akiagiza 2 * a, anapata [15, 34, 15, 34] badala ya [30, 68]. Anasema kompyuta imeharibika. Wapi! Kompyuta ni nzima. Katika lugha hiyo, orodha ya kawaida ni kama shanga kwenye uzi. Kujumlisha maana yake ni kuunganisha nyuzi mbili, na kuzidisha ni kurudia uzi uleule.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuiambia mashine ipite namba moja moja: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Ya pili ni kutumia mkusanyiko wa programu uitwao NumPy. Huo una aina yake ya orodha, ambayo alama za + na * hufanya kazi kama alivyotaka Grassmann. Ukiweka safari zetu humo, a + b inatoa -2 na 59 bila ubishi, na 2 * a inatoa 30 na 68. Ila angalia jambo moja: orodha zote mbili ziwe na idadi sawa ya namba. Ukijaribu kujumlisha yenye namba mbili na yenye namba tatu, mashine itakataa. Ni kama kumwambia yule mama wa Mbita ajumlishe mizigo bila kumwonyesha ndimu ziko safu gani.

Umeona basi? Alama ni ileile, maana ni mbili, na aliyekosa kueleza anachotaka ndiye aliyepata jibu asilolitaka. Mtego wa Python na balaa la Grassmann ni mambo ya ukoo mmoja. Yeye alikuwa na wazo sahihi, lakini maneno hayakufika kwa msomaji jinsi alivyoyakusudia.

Kuna na jambo lingine la kufurahisha. Programu za siku hizi zinazotafsiri lugha hugeuza kila neno kuwa orodha ndefu ya namba, mara nyingi mamia. Kisha huzidisha na kujumlisha orodha hizo ili kupata maana. Kwa hiyo zile kazi mbili za Grassmann, vekta na maneno, ambazo yeye alizifanya kando kando, leo zinafanya kazi chungu kimoja.

FUNZO KWETU

Wenzangu, tusimlaumu mzee peke yake. Wasomaji wake nao walikuwa na uvivu, na mtu asiye na cheo cha chuo kikuu hakusikilizwa upesi. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Lakini jambo la Kummer linabaki pale pale: wazo zuri likivaa maneno mabovu hufungiwa nje. Grassmann alikwisha kugundua mwaka wa 1844, na dunia ikangoja zaidi ya miaka arobaini hadi Peano alipoligeuza kuwa maneno ya kueleweka.

Kwa hivyo yule anayesema Kiswahili na insha ni mambo ya kupita mtihani tu, na kwamba mtu wa sayansi hahitaji lugha, amsome Grassmann. Jifunze kutaja kitu kwa jina lake, weka mfano kabla ya kanuni, na mpe msomaji mahali pa kukalia kabla hujampa mzigo. Na ukiandika vizuri na bado wasikusome, fanya kama mwalimu wa Stettin: ingia darasani Jumatatu asubuhi, fundisha, na uendelee kuandika.

Hadi toleo lijalo, kwaherini.